Uhakiki wa Istilahi ya "Uhalisia Pepe"

Zipo istilahi zinazoingia katika lugha kwa utaratibu: hupendekezwa, hujadiliwa, husanifiwa, kisha huchapishwa katika orodha ambazo wafasiri na walimu huzitegemea. Zipo na nyingine ambazo huja zimekwisha pakiwa ndani ya vifaa vitokavyo ng'ambo, na hata zinapofikishwa mezani petu tayari zimekwisha onekana katika simu za watu elfu nyingi. "Uhalisia pepe" ni ya kundi hili la pili. Sasa inatumika katika magazeti, katika vitini vya vyuo na katika maandiko ya miradi yanayopelekwa wizarani, na watu huiuliza kwa namna moja tu: je, imekwisha kuwa sanifu? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba haifai kusanifiwa, na kwamba kasoro yake si ya kupendeza au kutopendeza masikioni, bali ni ya maana. Maneno yote mawili yaliyomo humo yanasema jambo ambalo kitu chenyewe sicho.

Kwa hiyo yafaa tuanze na kitu chenyewe. Ni chombo kinachovaliwa machoni mfano wa miwani mikubwa, chenye vioo vidogo vinavyoonyesha picha mbili, moja kwa kila jicho. Picha hizo hutofautiana kidogo, kama vile macho ya mtu yanavyokiona kitu kimoja kutoka pande mbili, na ubongo ukiziunganisha huona kina na umbali. Vipimo vilivyomo ndani ya chombo hufuatilia mwendo wa kichwa, na kompyuta huichora picha upya kila kichwa kinapogeuka, hata mvaaji akitazama nyuma huona kilichoko nyuma. Mchoro ukichelewa kidogo tu, mvaaji hupatwa na kichefuchefu kama cha msafiri wa jahazi, kwa kuwa macho yake yanatoa habari moja na sikio la ndani linatoa nyingine.

Sehemu ya kwanza ya maarifa haya ni kongwe kuliko taa za umeme majumbani. Mwaka 1838 Charles Wheatstone aliieleza Royal Society ya London kifaa chake cha vioo viwili kilichoyafanya macho yaone michoro miwili bapa kuwa umbo moja lenye kina. Sehemu ya pili ilitoka kwa watu wa ndege. Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda huko Binghamton katika jimbo la New York, alitengeneza mwaka 1929 ndege ya kujifunzia isiyoruka, akaifanya iiname na kuyumba kwa mivukuto ya vinanda. Mwanzoni wakubwa hawakumjali. Mwaka 1934, baada ya marubani kadhaa wa jeshi la Marekani kufa walipopewa kazi ya kusafirisha barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi lilinunua mashine zake sita. Morton Heilig alipata hataza mwaka 1962 ya kibanda cha sinema cha mtu mmoja, ambamo mtazamaji alipata picha, sauti, mtikisiko, upepo na hata harufu. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard, alionyesha chombo cha kuvaliwa kichwani kilichoshikizwa kwenye dari na kuchora mistari mitupu ya umbo lililoelea hewani.

Nimeitaja historia hii kwa sababu moja. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyedai kutengeneza uhalisia. Link alitengeneza chombo cha kufundishia. Sutherland aliandika juu ya chombo cha kuonyeshea. Jina linalotumika leo lilienezwa katika miaka ya 1980 na Jaron Lanier pamoja na kampuni yake ya VPL Research, iliyouza miwani na glavu za aina hii. Ni jina zuri la biashara, nalo, kama majina mengi ya biashara, limeahidi zaidi ya kilichomo ndani ya boksi. Mfasiri ana wajibu wa kuifikisha dhana. Hana wajibu wa kuyafikisha majigambo ya muuzaji.

Hata hivyo haki yatutaka tuseme kwamba maneno hayo mawili yalikwisha unganishwa kabla ya kompyuta. Antonin Artaud, mtu wa tamthilia wa Ufaransa, aliyatumia kueleza hali ya jukwaani katika kitabu chake Le Théâtre et son double kilichotoka mwaka 1938. Kwake yeye, kilichoko jukwaani si kitu chenyewe, lakini humtenda kazi mtazamaji. Hapo ndipo penye ufunguo wa dhana yote. Neno la Kiingereza "virtual" lina asili ya Kilatini "virtus", yaani nguvu au uwezo, na wanazuoni wa zama za kati walilitumia kwa kitu kilicho na nguvu ya kutenda ingawa hakina umbo linalotarajiwa. Mwalimu wa fizikia analijua jambo hili kwa njia ya kioo: sura yako huonekana imesimama nyuma ya ukuta, mahali ambapo mwanga haukufika kabisa, na bado kwa sura hiyo unanyoa ndevu zako bila kujikata. Sura haiko pale, lakini kazi yake ipo.

Kwa maneno mengine, istilahi yoyote ya Kiswahili italazimika kubeba mambo mawili: kwamba mahali panapoonekana hapapo, na kwamba athari yake ipo. Na athari hiyo imepimwa. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum, Larry Hodges na wenzao wa Atlanta walichapisha matokeo ya kuwatibu watu wenye hofu ya vimo kwa kuwapandisha, ndani ya miwani, kwenye madaraja, roshani na lifti ya kioo. Wagonjwa walijua kwamba wamesimama sakafuni, na hata hivyo walitoka jasho na magoti yakalegea. Na hofu yao ilipungua. Huko Seattle, katika Chuo Kikuu cha Washington, Hunter Hoffman na David Patterson waliwavisha wagonjwa walioungua miwani yenye bonde la barafu ambamo hutupa matonge ya theluji, wakati wauguzi wanasafisha vidonda. Katika taarifa walizozichapisha kuanzia mwaka 2000, wagonjwa walieleza kuwa maumivu yamepungua. Nao madaktari wa upasuaji wanayo mfano wao. Mwaka 2002 Neal Seymour na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwagawa madaktari 16 waliokuwa wakijifunza upasuaji, nusu wakafanyishwa mazoezi kwa kompyuta ya aina hii, ijapokuwa si kwa miwani bali kwa kioo na vipini vya kushikwa mkononi. Walipoingia katika chumba halisi cha upasuaji, waliofanya mazoezi waliutenganisha mfuko wa nyongo kwa kasi zaidi kwa asilimia 29, na makosa yalitokea mara sita zaidi upande wa wenzao.

Sasa tulipime neno "pepe" kwa mizani hiyo. Kwa mkulima wa mpunga wa Rufiji au Kilombero, pepe ni punje isiyo na kiini: ganda lipo, mchele haumo. Ndilo linaloruka ungo unapopepetwa, na hakuna anayelisikitikia. Basi neno hili linasema kinyume kabisa cha dhana tuliyoieleza. Pepe lina umbo bila nguvu, ilhali dhana inayotafutiwa jina ina nguvu bila umbo. Sidhani kama ingewezekana kupata neno lililo mbali zaidi kwa makusudi.

Wanaoitetea istilahi hii hawakulitoa neno hilo shambani, bali katika "barua pepe". Hapo neno lilikaa vizuri, kwa sababu msikilizaji alisikia upepo na kupepea. Barua imepeperuka ikafika upesi. Isitoshe, barua yenyewe ni kitu kinachojulikana, na hakuna aliyedhani kuwa haina maneno ndani yake. Makosa yalianza pale "pepe" ilipong'olewa katika makazi yake na kugeuzwa kuwa kivumishi cha kila kitu kinachopitia kompyuta. Tumeona "maktaba pepe", "darasa pepe", "sarafu pepe", na sasa "uhalisia pepe". Dhana tatu zilizo mbalimbali, yaani ile ya kielektroniki, ile ya kidijitali na hii tunayoijadili, zimefungwa katika gunia moja. Bunge halikufanya hivyo: sheria iliyotungwa mwaka 2015 inaitwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, na saini inayotambuliwa humo ni saini ya kielektroniki. Laiti ingeitwa "saini pepe", wakili yeyote mwenye kuijua lugha angesimama mahakamani kuuliza kama saini tupu inaweza kumfunga mtu.

Ndugu zetu watumishi wa serikali wanaweza kuliona jambo hili katika majalada yao. Tangu mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, vikao vingi vimefanyika kwa njia ya video, na baadhi ya makatibu wamevirekodi kuwa "vikao pepe". Lakini kikao cha namna hiyo kina akidi, kina maazimio, na maazimio yake yanatekelezwa. Si pepe hata kidogo. Ni kikao halisi ambacho wajumbe wake walikaa mahali mbalimbali, na "kikao kwa njia ya video" yatosha kabisa.

Kuna na jambo la pwani ambalo mtaalamu wa kompyuta aliyeko Ulaya hangelijua, bali sisi hatuna udhuru wa kutolijua. Neno "pepe" liko jirani sana na "pepo". Mahali ambapo watu wanajua kupunga pepo ni nini, na ambapo maradhi fulani hupewa sababu hiyo, mwuguzi akimwambia mgonjwa aliyeungua kwamba maumivu yake yatatulizwa kwa uhalisia pepe, mgonjwa huyo ana haki ya kuuliza ni pepo gani na nani atakayempunga. Mtu anayetakiwa kukubali matibabu kwa hiari yake lazima ayaelewe. Akikataa kwa sababu ya neno, kosa si lake.

Neno "uhalisia" nalo lina deni lake, ingawa si kubwa kama la mwenzake. Walimu wa fasihi wamelitumia kwa miaka mingi kuwa jina la mkondo wa uandishi unaochora maisha kama yalivyo. Wanafundisha uhalisia wa kijamaa. Na baadhi ya wahakiki wanapozijadili Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi hutumia istilahi ya uhalisia mazingaombwe. Mwanafunzi wa kidato cha sita akikutana na uhalisia pepe baada ya uhalisia mazingaombwe, ataviweka vyote katika daftari moja la riwaya, wala hatakuwa amekosea kwa mantiki ya istilahi alizofundishwa. Tena mzizi wake, "halisi", umetoka katika Kiarabu ukiwa na maana ya kitu safi kisichochanganywa: dhahabu halisi, maziwa halisi. Kuuweka mzizi huo kando ya "pepe" ni sawa na kusema maziwa halisi ya maji.

Washindani wa istilahi hii si bora. "Uhalisia bandia" inaonekana mara nyingi, na wanaoipenda huitaja "akili bandia" kuwa ushahidi wao. Lakini tunajua jinsi "akili bandia" ilivyozua ubishi, hata leo magazeti yetu yanatumia pia "akili mnemba" na "akili unde" kwa jambo hilohilo. Bandia ni kitu kilichotengenezwa ili kidhaniwe kuwa ni kingine: noti bandia, dawa bandia. Mazoezi ya rubani hayamdanganyi mtu. Rubani anajua yuko chini. "Kiinimacho" lina utamu wake, nami nakiri kuwa lilinivutia kwa siku kadhaa, maana linataja jicho na linaeleza vema jinsi jicho linavyoona kisichokuwapo. Lakini ni kazi ya mtu wa mazingaombwe, naye hulipwa kwa kuficha anavyofanya. Kuhusu "dhahania", hilo ni neno la mambo yasiyoshikika, kama haki au uhuru. Bonde la barafu lililo mbele ya macho halina udhahania wowote.

Kilicho kibaya kuliko vyote ni "ukweli halisi". Katika kurasa zinazofasiriwa na mashine bila kupitiwa na mtu, tafsiri hii inajitokeza mara kwa mara kwa dhana yetu hii. Mashine imekutana na jina ambalo sehemu yake moja ni "ukweli", ikalipambia kivumishi kilichozoea kuandamana na ukweli, ikamaliza kazi. Msomaji anaambiwa kwamba akivaa miwani ataona ukweli halisi. Kama ni tangazo la bidhaa tutacheka na kupita. Kama ni kitabu cha mafunzo ya wauguzi, hatuna la kucheka.

Pendekezo langu, ambalo naliweka mbele ya wasomaji lipimwe, linaacha kabisa kutafuta neno la uhalisia. Kinachotengenezwa na kompyuta ni mahali pa kuingia na kutazama kila upande, yaani mazingira. Na mazingira hayo yamechorwa, yamepewa sura, yaani yamesawiriwa. Sura, taswira na sawiri ni ndugu wa ukoo mmoja, na Kiswahili kimekwisha kuwalea wote watatu. Hivyo nasema "mazingira yaliyosawiriwa" mahali pa kutajwa mara ya kwanza, na "mazingira sawiri" kwa ufupi baada ya hapo. Nimelipima pia neno "mwigo", nikaliacha kwa kuwa kuiga kunahitaji kuwapo kwa kinachoigwa, na lile bonde la Seattle haliigi bonde lolote la dunia. Kusawiri hakuna sharti hilo. Mchoraji husawiri alichokiona na asichokiona.

Nimekwisha kuambiwa kwamba "sawiri" ni kitenzi, na kwamba kikisimama peke yake kinasikika kama amri. Pingamizi hili ni la kweli, na ndiyo sababu nimeshikilia umbo refu mwanzoni. Lakini "unde" katika "akili unde" limetoka katika kitenzi vilevile, na walioizoea istilahi hiyo hawasikii tena mlio wa seremala.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba tumechelewa. Wataikumbusha "ngamizi", iliyopendekezwa ikabaki katika orodha huku kila mtu akisema kompyuta. Na "tarakilishi", ambayo ingali hai katika shule za Kenya lakini haikuishinda kompyuta mitaani. Naikubali historia hiyo, ila haifanani na hii. Kompyuta ilishinda kwa sababu watu walikuwa wanaitamka. "Uhalisia pepe" haitamkwi na mtu. Vijana wanaozivaa miwani hizo huzitaja kwa herufi mbili za Kiingereza, na istilahi yetu imebaki katika maandishi ya kampuni, ya mradi na ya mtihani. Neno lililo katika maandishi tu bado linaweza kubadilishwa na wale wanaoandika, nao ndio wasomaji wa jarida hili.

Mahali ambapo ningependa pendekezo hili lijaribiwe kwanza ni Kilwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kutolewa humo mwaka 2014. Bahari bado inazila kingo za kisiwa. Januari 2020 Google Arts & Culture, kwa kushirikiana na CyArk na ICOMOS, walitoa mkusanyo kuhusu maeneo matano ya urithi yanayotishwa na mabadiliko ya tabianchi, na Kilwa ni mojawapo; majengo yake yamepimwa na kusawiriwa kwa kompyuta, hata mtu aliye mbali anaweza kuyazunguka. Mwalimu wa historia wa Sumbawanga, ambaye hatapata nauli ya kuwapeleka wanafunzi wake pwani, anaweza siku moja kuwapitisha chini ya kuba za Msikiti Mkuu. Atawaambia wanaona nini? Akisema "Kilwa pepe" atakuwa amewaambia kuwa mji wa masultani waliopiga sarafu zao wenyewe ni makapi. Akisema "Kilwa bandia" watadhani kuna mtu anayetaka kuwatapeli. "Kilwa iliyosawiriwa" inasema kilichopo: mji upo, nanyi mnatazama sura yake.

Imebaki istilahi jirani, "uhalisia ulioboreshwa", ambayo watumiaji wa simu huiona pale kamera inapoonyesha chumba chao pamoja na kitu kisichokuwamo, kama kiti kinachouzwa dukani au mshale unaomwonyesha fundi skrubu ya kufungua. Hapa hapana kilichoboreshwa. Chumba ni kilekile na vumbi lake. Kilichofanyika ni kupachika taswira juu yake. Chombo cha Sutherland cha mwaka 1968 kilikuwa cha aina hii hasa, kwani vioo vyake vilimwezesha mvaaji kuuona ukumbi huku mistari iliyochorwa ikielea katikati yake. "Taswira za kupachikwa" ingetosha, na fundi angeelewa bila kufundishwa. Lakini kwa kuwa istilahi hiyo ya pili imekwisha kuingia katika maelekezo ya simu kwa umbo hilohilo la kwanza, haitaondoka kabla ya mwenziwe; wanaoandaa orodha ya istilahi za kompyuta wazijadili zote mbili katika kikao kimoja.